Hotelini, kanisani, studio au ngomani: wapi Mwanza utapata wenzako wa bendi ya nyimbo zenu wenyewe

Nilikuwa na nyimbo 11 kwenye daftari na gitaa moja la mbao. Nyimbo nilizitunga usiku, chumbani kwangu Mabatini, baada ya kufunga duka. Nilichokosa ni watu. Nilitaka besi, nilitaka ngoma, na zaidi ya vyote nilitaka mtu wa kuniambia mstari huu ni dhaifu kisha akaniletea mwingine. Nilizunguka karibu miaka 2 mpaka tukawa watu 5 tunaokaa pamoja kila Jumapili alasiri bila kulipana.

Katika kuzunguka huko nilibisha hodi sehemu nne: bendi za hotelini na kumbi za starehe, vikundi vya kanisani, studio za Bongo Fleva, na vikundi vya ngoma. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa, mwenye nyimbo zake na asiye na wa kuzipiga naye.

Kitu kimoja nilikikosea tangu mwanzo. Kila niliyekutana naye nilimuuliza anapiga chombo gani na amepiga miaka mingapi. Maswali hayo yanafaa ukitaka bendi ya harusi. Bendi ya nyimbo zenu itakaa miezi mingi bila shoo wala shilingi, ikihangaika na nyimbo ambazo bado hazijakaa sawa, na hakuna msikilizaji hata mmoja anayezijua. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama mtu huyu amezoea kutunga na wenzake. Ufundi wa vidole utaongezeka mkiwa pamoja. Mazoea ya kutunga kwa pamoja mtu huja nayo kutoka alikokulia, na ndiyo maana nalinganisha sehemu kabla ya kulinganisha mtu na mtu.

Bahati nzuri kote nilikopita nilibeba wimbo mmoja uleule ambao haujaisha. Ni wimbo wa mama anayeanika dagaa pale mwaloni Kirumba. Ubeti wa kwanza ulikuwepo: amewatandaza mchangani, jua limewaka, ghafla wingu linapanda kutoka ziwani. Kiitikio kilikuwepo. Ubeti wa pili sikuwa nao. Jinsi kila mlango ulivyoupokea wimbo ule ndiyo iliyonifundisha zaidi ya maneno yote niliyoambiwa.

Hotelini

Kama unatafuta mikono, ipo huku. Mpiga gitaa wa hoteli anapiga rumba, zilipendwa, rege na nyimbo za harusi usiku mmoja, na mwimbaji akishindwa kupanda anamshushia ufunguo katikati ya wimbo bila mtu mezani kugundua. Anajua kutunza waya zake, anajua spika ikianza kukoroma afanye nini, anafika na nyuzi za akiba. Nimekaa na watu wa aina hii nikajifunza mengi ambayo daftari langu lisingenipa kamwe.

Nilimpata mpiga solo mmoja, kaka wa makamo, mpole, fundi haswa. Nikampigia ubeti na kiitikio. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huu ni wa nani?"

"Wangu, kaka. Bado haujaisha."

"Sawa. Unafanana na wa nani, ili nijue naingiaje?"

Sikuwa na jibu. Akautafutia ndugu mwenyewe. Dakika tano baadaye wimbo wangu wa dagaa ulikuwa rumba safi kabisa yenye sebene mwishoni, umepigwa vizuri kuliko nilivyowahi kuusikia, na haukuwa wangu tena. Yeye hakukosea. Kazi yake miaka yote ni kumpa mteja wimbo anaoujua, na anayelipwa kwa kopi hujifunza kuugeuza kila wimbo uwe kopi. Akaniambia pia kwa uwazi kwamba Ijumaa na Jumamosi yuko kazini, Desemba yote hapatikani, na mazoezi akija lazima awe na nauli na posho. Hayo ni madai ya haki. Gitaa ndilo linalolisha watoto wake, na mtu anayekuja kumwomba apige bure kwa matumaini anamwonea.

Nafasi yake kwenye mradi wako ipo, ila si mwanzoni. Tukiwa na shoo ya kweli sisi humwita na kumlipa, na siku hiyo anatuokoa. Kumfanya nguzo ya bendi isiyo na kipato ni kumtafutia yeye lawama na wewe majonzi.

Kanisani

Vijana wengi wa jiji hili wanaopiga besi, kinanda na dramu wamekulia kanisani, na sababu inaeleweka. Seti ya dramu ni ghali, amplifaya ni ghali, na familia yenye uwezo wa kumnunulia mtoto vitu hivyo ni ya kutafuta. Kanisa linavyo, na linampa kijana sababu ya kuvipiga kila wiki. Ukimkuta mpiga besi wa miaka 22 mwenye mkono uliotulia, muulize alipoanzia. Mara nyingi atakutajia kanisa.

Kuna jambo kubwa kuliko vyombo. Kwaya zetu hutunga. Watu husahau kwamba kwaya kama ya vijana ya AICT Makongoro imejulikana nje ya Mwanza kwa nyimbo zake yenyewe. Mwalimu wa kwaya anakuja na wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, anawagawia watu sauti, na wao wanakubali kuhangaika nao wiki baada ya wiki. Mazoea ndiyo hayo niliyokuwa nikiyatafuta.

Nilipoupeleka wimbo wa dagaa kwa dada mmoja mwimbaji wa alto, aliniomba niurudie mara mbili, akageuza risiti iliyokuwa kwenye pochi yake, akaandika kwa penseli: s s l s, m m r d. Alikuwa anaandika solfa ya kiitikio changu. Mara ya tatu niliposhika gitaa akaimba sauti ya chini ambayo sikuwa nimeifikiria, inayoteremka pale ambapo yangu inapanda. Wimbo ukawa na watu wawili ndani yake. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Ubeti wa pili sikuupata huko. Mtu wa kwaya amezoea maneno kuletwa na mwalimu, kazi yake ni sauti. Nikimuuliza maneno aliniambia, "Wewe lete, sisi tutaimba."

Ugumu wenyewe ni ratiba na ruhusa. Jumatano mazoezi, Jumamosi mazoezi, Jumapili ibada, kisha mikesha, mikutano ya injili, Pasaka na Krismasi. Ukipanga chochote bila kuangalia kalenda ya kanisa unajisumbua. Ruhusa ndiyo nzito zaidi. Kila kanisa lina taratibu zake, na yapo yanayomsimamisha mtumishi akionekana jukwaani akiimba nyimbo wanazoziita za dunia. Tulimpoteza hivyo mwimbaji wetu wa kwanza, binti mwenye sauti ya ajabu. Aliitwa na wazee, akaulizwa, akaja kuniaga analia. Kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu tulikubaliana asiseme.

Tangu hapo sifanyi siri. Ninakwenda na mwimbaji kwa mwalimu wake, namsalimia, nasoma maneno ya nyimbo zetu mbele yake, namwambia tunapiga wapi na hatupigi wapi. Kwa huyu dada wa alto mwalimu aliuliza kama baa zimo. Nikamjibu hazimo, na kweli hazimo. Akasema Jumamosi asikose mazoezi. Mpaka leo hajakosa.

Studio

Hapa sitakaa sana. Prodyuza ana kompyuta, maikrofoni na masikio mazuri, na anatengeneza vitu vipya kila siku. Nilipompigia mmoja wimbo wangu, alivaa hedifoni, akaanza kupanga biti hata kabla sijamaliza kiitikio, na saa mbili usiku nilikuwa na demo kwenye simu. Kwa demo sijui njia bora zaidi. Mtu anayetaka kuwaonyesha wenzake wimbo wake unaelekea wapi, aanze huko.

Lakini prodyuza anatunga peke yake. Besi, dramu na kinanda vyote viko kichwani mwake, wewe unaleta sauti na hela ya saa. Bendi inapozaliwa mpigaji anasubiriana na mwimbaji, anapunguza kasi pale pumzi inapoisha, na hilo kwa prodyuza ni hitilafu ya kurekebisha. Kama unachoandika ni rapu, hesabu inabadilika. Mji uliomtoa rapa Fid Q unajua kwamba maneno na biti vinatosha, na hapo wawili ni bendi kamili.

Ngomani

Niliuacha mlango huu wa mwisho kwa sababu ya ujinga. Nilidhani ngoma ni ya makumbusho na sherehe za serikali, mimi nataka bendi yenye magitaa. Nilisahau hata historia ya muziki wa dansi wenyewe. Mlimani Park Orchestra ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, mtindo wake iliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Msondo nayo ilikuwa ngoma kabla ya kuwa jina la bendi. Waliokuwa wanatafuta sauti ya kwao walijua pa kwenda.

Huku kwetu pa kwenda ni Usukumani, na unafika kwa daladala. Unapanda gari la Kisesa, barabara ya Musoma, unapita Igoma, ukishuka unachukua bodaboda mpaka Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika pale tamasha la Bulabo, na makundi ya ngoma hushindana. Tangu zamani pande mbili za ushindani ni Bagika na Bagalu. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja uleule, kila kundi upande wake, na anayewavuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hebu fikiria shule hiyo! Mtu anasimama mbele ya umati ambao uko huru kugeuka na kumwendea mpinzani, na silaha yake ni wimbo.

Wimbo huo si wa kukopi. Katika ngoma za Kisukuma kiongozi wa nyimbo huitwa ningi, na kazi yake ni kutunga. Msimu mpya unadai nyimbo mpya: za kusifu, za kumchokoza mpinzani, za yaliyotokea mwaka huo. Anatunga na kundi linaitikia, wanazitengeneza pamoja. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitafuta watu waliozoea kupiga wimbo usiojulikana, na walikuwepo mwendo wa daladala moja.

Afisa utamaduni wa halmashauri ndiye aliyenielekeza kwa kundi moja. Anayeishi Nyamagana aende ofisi za Jiji, anayeishi upande wa Kirumba, Pasiansi au Nyakato aende Manispaa ya Ilemela. Vikundi vingi vya ngoma wanavijua, kwa sababu ndivyo vinavyoitwa kwenye mapokezi ya viongozi.

Nilimkuta mzee, ningi, amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeambiwa una wimbo."

"Ninao, babu, ila haujaisha."

"Unasema nini?"

Hakuuliza ufunguo, wala umefanana na wa nani. Alitaka maneno. Nikamweleza habari ya mama na dagaa na wingu. Mimi ni Mjita, Kisukuma changu ni cha sokoni, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Akanisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza:

"Mvua iliponyesha, huyo mama alifanya nini?"

Nilikuwa na wimbo ule miezi minane na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ngoma akajibu kwa niaba yangu. Alisema dagaa wakinyeshewa wanaharibika, hawawi tena kitoweo, mama yake alikuwa anawauza kwa bei ya kutupa kwa watu wa chakula cha kuku. "Halafu anarudi kusubiri giza," akasema, maana wavuvi wa dagaa huenda na taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikitoka hakuna kinachoingia mwaloni. Ubeti wa pili ulikuwa huo. Nilikuwa nausikia ukitamkwa kama habari ya kawaida.

Kijana yule ndiye mpiga ngoma wetu leo. Hajui kuhesabu moja mbili tatu nne kama mtu wa kanisani, na mwezi wa kwanza yeye na mpiga besi walikosana kila Jumapili. Besi alitaka kujua "moja" iko wapi, na huyu alimwambia asikilize mguu. Hilo usilichukulie kirahisi. Kuunganisha mtu wa solfa na mtu wa ngoma kunachukua muda, na siku nyingine unarudi nyumbani umekata tamaa. Kuna na kalenda ya shamba: mvua zikianza watu wako mashambani, na kuanzia Juni baada ya mavuno wako kwenye mashindano. Kuna pia heshima. Wimbo wa ningi ni wa ningi. Hatujachukua hata mstari mmoja wa mzee bila kumwomba, na mara ya kwanza tulipomwomba alikataa, tukauacha.

Tunafanyia mazoezi kwenye chumba cha nyuma ya karakana ya kuchomelea, Nyakato, kwa sababu Jumapili imefungwa na majirani wameshazoea kelele. Siku moja kijana aliokota jembe bovu lililoletwa kuchomelewa, akalining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa msumari wa inchi sita. Kwenye bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, wachezaji hurusha majembe na kuyadaka, kwa hiyo kwake jembe kuwa chombo si jambo geni. Mpiga besi aliusikia ule mlio mkavu, akacheka, akasema, "Kumbe moja iko hapo." Tangu siku hiyo hawajakosana tena kwenye wimbo wa dagaa.

Njia nyingine, kwa kifupi

Tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp lilinipa majibu mengi, karibu yote yakiuliza malipo ni kiasi gani. Vyuo ni bora zaidi: Butimba panajulikana kwa kufundisha walimu wa muziki na sanaa, na SAUT kule Malimbe ina vijana wengi wenye magitaa vyumbani. Wana muda, wana hamu, hawana familia. Ila wakimaliza wanaondoka, na unaanza upya. Ukimchukua mwanafunzi, chukua wa mwaka wa kwanza.

Mimi ningechagua vipi leo

Ningeanza kanisani na ngomani kwa pamoja, mwezi mmoja, na ningetafuta wawili tu kabla ya kutafuta watano. Mmoja wa sauti na mmoja wa mapigo. Mwenye shoo ndani ya miezi miwili asifuate ushauri huu, aende hotelini, alipe, apige. Mwenye wimbo mmoja anaotaka usikike redioni aende studio. Asiye na uwezo wa kukutana na watu kila wiki asianze bendi kwanza, kwa sababu hakuna kati ya milango hii minne unaomfaa mtu wa kuja mara moja kwa mwezi.

Na popote utakapokwenda, beba wimbo ambao haujaisha. Uliomalizika watausifu tu.

Mkishapatana, andikeni nani ametunga nini, mapema, kabla ya hela kuonekana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inaanza kazi inapotungwa na inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mnaongelea urithi wa watoto wenu. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi ili uwe na ushahidi ukitokea mgogoro, na kikundi chenyewe kinasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Sisi tuna daftari la kurasa ngumu, linakaa kwa dada wa alto. Kila wimbo una ukurasa wake, tarehe, maneno, na majina ya waliotunga na sahihi zao. Wimbo wa dagaa una majina matano, na chini yake mstari mmoja kwa mwandiko wa mpiga ngoma: swali la ubeti wa pili ni la babu wa Kisesa. Tulimpelekea auone. Hasomi, kwa hiyo tulimsomea, akaomba tuupige.